Lamu Ilipougua Mwaka 2004, Dunia Ilijuaje?

Kila kukitokea habari ya mlipuko wa maradhi, iwe ni kipindupindu, mpox au Ebola kwa majirani, barazani kwetu huzuka mabishano yale yale. Mmoja atasema wazungu wameamua kutuharibia utalii. Mwingine atasema serikali inaficha. Wa tatu, ambaye tayari ana tiketi ya Umra mfukoni, anataka kujua jambo moja tu: jina la Kenya limeingia kwenye ile orodha, na je, atatakiwa achanjwe chanjo gani? Ni swali la maana. Nani hasa anayeamua kwamba eneo fulani limeathirika na maradhi ya mlipuko, anajuaje, na ana nguvu gani juu ya mahujaji, meli na samaki wetu?

Nimeona nilieleze jambo hili kwa kuufuata ugonjwa mmoja uliotoka hapa hapa Pwani ukafika mpaka Ulaya. Wengi wetu tuliuugua bila kujua kwamba tulikuwa ndani ya historia.

Mwaka 2004, kuanzia kama mwezi wa Mei, watu wa mji wa Lamu walianza kuanguka kwa homa. Homa yenyewe haikuwa ngeni, lakini maumivu ya viungo hayakuwa ya kawaida. Magoti na vifundo vya mikono na miguu vilivimba, mtu akashindwa hata kushika kikombe cha kahawa. Ami yangu mmoja, baharia aliyezoea kuvuta kamba za tanga, alikuwa akienda msikitini kwa kujishikilia ukuta na kuswali kwenye kiti. Wengi walidhani ni malaria. Walikunywa dawa za malaria, na damu ikipimwa malaria haionekani. Ilipofika Julai, karibu kila nyumba ilikuwa na mgonjwa wake.

Sampuli za damu zilipofika kwenye maabara ya KEMRI jibu likapatikana: chikungunya. Oktoba mwaka huo watafiti walipima damu za wakazi waliochaguliwa bila upendeleo, wakakuta kiasi cha 75 katika kila 100 walikuwa wameshaambukizwa. Kwa mji wa watu wapatao 18,000, hiyo ni sawa na watu kama 13,500. Waliofika hospitalini wakaandikwa kitabuni walikuwa sehemu ndogo tu ya hao. Tafadhali ishike tofauti hiyo kati ya walioandikwa na waliougua, maana tutaihitaji mbele.

Neno chikungunya si la Kilatini. Ni la Kimakonde, na linaeleza mtu aliyekunjamana kwa maumivu. Virusi vyake vilipatikana kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika, upande wa Newala, katika mlipuko wa mwaka 1952. Anayevibeba ni mbu mweusi mwenye alama nyeupe miguuni, yule anayeuma mchana, kwa hivyo chandarua cha usiku hakisaidii sana. Mbu huyu hapendi madimbwi machafu. Anataka maji masafi yaliyotulia ndani ya nyumba zetu.

Hapa pana jambo ambalo wageni huliona la ajabu. Mlipuko wa Lamu haukuja na mvua kubwa, ulikuja na ukame. Mvua zilikuwa haba, joto kali, na watu wakawa wanaweka maji kwenye mapipa na madumu kwa siku nyingi bila kuyabadilisha. Watafiti waliochunguza hali ya hewa ya miezi ile walifika kwenye maelezo hayo hayo. Wazee wetu waliojenga zile nyumba za mawe walikuwa wakiweka samaki wadogo ndani ya birika ili wale viluwiluwi vya mbu. Pipa la plastiki halina samaki.

Sasa fuata safari yake. Mwishoni mwa 2004 ugonjwa ulikuwa Mombasa. Mwanzoni mwa 2005 ukalipuka Ngazija, katika visiwa vya Komoro, na uchunguzi uliofanywa huko ulionyesha zaidi ya nusu ya watu walikuwa wameambukizwa. Kutoka hapo ukaingia Mayotte, Shelisheli, Mauritius na Réunion. Kule Réunion, kisiwa cha Ufaransa chenye hospitali za kisasa, inakadiriwa watu 266,000 waliugua, yaani thuluthi ya kisiwa kizima, na katika wiki mbaya zaidi mwanzoni mwa 2006 wagonjwa wapya walizidi 40,000. Mwaka huo huo India ilihesabu zaidi ya milioni moja. Katika safari hiyo virusi vilipata badiliko dogo lililoviwezesha kubebwa vizuri na mbu wa aina nyingine, anayestahimili baridi. Kiangazi cha 2007 msafiri mmoja aliyetoka India alifika kijiji kimoja kaskazini mashariki mwa Italia, na watu wapatao 200 wa eneo hilo wakaugua chikungunya bila kuwahi kuiona Afrika wala Asia.

Wanasayansi walipolinganisha virusi vya Komoro na Réunion na vile vya Lamu na Mombasa, waliona ni ndugu wa damu. Njia ikawa wazi. Lakini iliwa wazi baadaye, wakati moto umeshateketeza visiwa. Kwa nini haikufahamika mapema, wakati ugonjwa bado uko kwetu?

Sababu moja ni ya kisheria, na inashangaza. Mwaka 2004 sheria ya kimataifa ililazimisha nchi kutoa taarifa za maradhi matatu tu: kipindupindu, tauni na homa ya manjano. Chikungunya haikuwemo. Kenya haikuficha chochote kwa mujibu wa sheria, na Komoro haikuwa na haki ya kudai kuonywa. Ugonjwa uliowakunja watu 13,500 katika mji mmoja ulikuwa, mbele ya sheria hiyo, kama haupo.

Tukitaka kuelewa kwa nini yalikuwa matatu tu, turudi nyuma kidogo, na njia itatupitisha Makka.

Mwaka 1851 nchi 12 za Ulaya na Mediterania zilikutana Paris kujadili karantini, kwa sababu kipindupindu, ambacho babu zetu walikiita waba, kilikuwa kimewafikia na kila bandari ilikuwa na kanuni zake. Hawakukubaliana. Kisha mwaka 1865 kipindupindu kikaingia katika Hija. Inakadiriwa mahujaji 15,000 walifariki, na waliorudi kwa meli za moshi kupitia Misri waliubeba ugonjwa mpaka Ulaya kwa muda wa wiki chache. Mwaka uliofuata ukaitishwa mkutano Istanbul, na tangu hapo mahujaji wakawa watu wa kuchunguzwa. Katika miaka ya 1880 kisiwa cha Kamaran, kwenye Bahari ya Shamu karibu na Yemen, kilifanywa kituo cha karantini kwa mahujaji wanaotoka kusini. Waliteremshwa, nguo zao zikafukizwa, wakakaa siku kadhaa kabla ya kuruhusiwa kwenda Jedda. Kitabu chako cha chanjo unachokibeba leo kwenda Hija ni mjukuu wa Kamaran.

Wakati huo huo hapa kwetu daktari mmoja Mskoti aliyeishi Unguja, James Christie, alikuwa akifanya kazi hiyo bila sheria wala shirika. Kipindupindu kilipofika Unguja mwishoni mwa 1869 kikitokea bara, yeye alikusanya habari za misafara na majahazi mpaka akaweza kueleza njia kilizopita kipindupindu cha miaka hiyo na cha miaka iliyotangulia, tangu 1821. Kitabu chake kilitoka London mwaka 1876. Ninamtaja kwa sababu chombo chake kikubwa kilikuwa habari za watu waliosafiri, na chombo hicho bado hakijapitwa na wakati.

Mikutano ile iliendelea kwa karibu miaka 100, na mwaka 1951 Shirika la Afya Duniani, WHO, likatoa kanuni moja kwa wote. Yalikuwa maradhi sita: kipindupindu, tauni, homa ya manjano, ndui na homa mbili zinazoenezwa na chawa. Mwaka 1969 zile za chawa zikaondolewa, na ndui ilipokwisha duniani nayo ikafutwa mwaka 1981. Yakabaki matatu. Kila wiki WHO ilichapisha orodha ya maeneo yaliyoambukizwa, na maofisa wa bandari duniani kote waliisoma orodha hiyo kama sisi tunavyosoma ratiba ya meli.

Hili la meli ninalijua kwa karibu, kwani stashahada yangu ni ya usafirishaji na nimefanya kazi miaka kadhaa kwa wakala wa meli hapa Kilindini. Meli inayoingia hupandisha bendera ya manjano kuomba ruhusa ya kiafya. Nahodha hujaza fomu: kuna aliyekufa njiani, kuna mwenye homa, mmetia nanga bandari zipi katika siku 30 zilizopita? Afisa wa afya wa bandari akitia sahihi, kazi inaanza. Asipotia, hakuna anayeshuka. Nahodha mwenye mgonjwa, na gharama za kila siku anazozijua yeye na tajiri yake, ana kila sababu ya kuandika kwamba wote ni wazima. Ukiielewa shida ya nahodha huyo umeielewa shida ya dunia nzima katika jambo hili.

Kwa sababu nchi nazo ni kama nahodha. Peru ilipotangaza kipindupindu mwaka 1991, samaki wake walikataliwa na watalii wakakimbia. India ilipotangaza tauni katika mji wa Surat mwaka 1994, ndege zilisitishwa na bidhaa zikarudishwa. Sisi wenyewe tulionja mwishoni mwa 1997, pale Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji kwa sababu ya kipindupindu. WHO ilieleza kuwa hatari ya kupata kipindupindu kwa samaki wa namna hiyo ni ndogo mno, lakini marufuku iliendelea mpaka katikati ya 1998. Waliolipa gharama ni wavuvi na wasindikaji wa Ziwa Victoria, watu ambao hawakuandika ripoti yoyote. Waziri wa nchi nyingine aliyeona mambo hayo alijifunza nini? Alijifunza kunyamaza. Na ndivyo ilivyokuwa: nchi ziliandika kuhara kwa maji mahali pa kipindupindu, na orodha ya kila wiki ikawa inaonyesha nchi zilizo wazi kuliko zilizo wagonjwa.

Kilichovunja mtindo huo ni SARS. Ilianza kusini mwa China Novemba 2002, na dunia haikupewa taarifa rasmi mpaka Februari 2003. Katika mwezi huo huo daktari mmoja mgonjwa alilala hotelini Hong Kong, na wageni wa ghorofa yake wakaibeba hadi Vietnam, Singapore na Kanada. Watu zaidi ya 8,000 waliugua na 774 wakafariki. Habari zilikuwa zimeshavuja kwenye mitandao ya madaktari kabla serikali haijasema kitu, na ikawa aibu.

Ndipo zikaja Kanuni za Kimataifa za Afya za mwaka 2005, zilizoanza kutumika 15 Juni 2007. Hizi ndizo zinazotuhusu leo, na Kenya imo. Badala ya kushika maradhi matatu kwa majina, zinaiuliza kila nchi maswali manne kuhusu tukio lolote. Je, madhara yake kwa watu ni makubwa? Je, si la kawaida au halikutarajiwa? Je, lina uwezekano mkubwa wa kuvuka mipaka? Je, linaweza kuleta vizuizi vya safari au biashara? Majibu mawili ya ndiyo yanatosha. Nchi ina saa 48 za kulipima tukio na, ikishaona linastahili, saa 24 za kuliarifu WHO. Machache, kama ndui na polio ya asili, hutolewa taarifa hata kama ni mgonjwa mmoja. Tuipime Lamu ya 2004 kwa maswali hayo: mji mzima umeugua, ugonjwa haukutarajiwa, majahazi na ndege zinaondoka kila siku. Ingepita bila ubishi.

Kuna kifungu kingine ninachokipenda zaidi. WHO inaruhusiwa kusikiliza habari zisizo rasmi, za magazeti, madaktari au redio ya kijijini, kisha kuiuliza serikali ithibitishe. Serikali ikikaa kimya, habari haifi. Leo kompyuta zinapekua maelfu ya taarifa kila siku kwa lugha nyingi zikitafuta maneno kama homa isiyojulikana au vifo vya ghafla.

Lakini kompyuta haiwezi kuliona lisilosemwa. Tazama njia inayopitwa na taarifa hapa kwetu. Mhamasishaji wa afya ya jamii anasikia kuna nyumba tatu zenye homa. Anamwambia mhudumu wa zahanati. Zahanati inamjulisha afisa wa ufuatiliaji wa maradhi wa kaunti ndogo, huyo anaiarifu kaunti, sampuli inasafirishwa maabara, jibu linafika wizarani Nairobi, na wizara ndiyo inayozungumza na WHO. Mpaka Geneva itangaze, taarifa imepita mikono mingi. Mkono mmoja ukikosa mafuta ya pikipiki, au chupa ya sampuli, au ukiogopa mkubwa wake, mlolongo umekatika. Sijaona ramani yoyote ya dunia inayoonyesha pikipiki isiyo na mafuta.

Pamoja na hayo, mabadiliko yapo. Chikungunya iliporudi Mombasa mwishoni mwa 2017, Februari 2018 taarifa ilikuwa imeshafika WHO na kuchapishwa kwa dunia nzima: wagonjwa zaidi ya 450, na maeneo yametajwa kwa majina, Changamwe, Jomvu, Kisauni, Likoni, Mvita na Nyali. Hao ni walioandikwa. Aliyenunua vidonge vya maumivu duka la dawa akalala nyumbani hayumo, na kila mmoja wetu aliyekuwa Mombasa miezi ile anamjua mtu wa namna hiyo.

Mfano mwingine ni Taveta. Julai 2024, mwezi ambao mpox ilikuwa ikisambaa kutoka Kongo, mgonjwa wa kwanza wa Kenya aligunduliwa katika kituo cha mpakani Taveta. Alikuwa msafiri aliyetoka Uganda akielekea Rwanda kwa kupitia Kenya. Wizara ilitangaza 31 Julai. Wiki mbili baadaye, tarehe 14 Agosti, mkurugenzi mkuu wa WHO alitangaza mpox kuwa dharura ya afya ya umma ya kimataifa. Nilisikia watu wakilaumu: kwa nini tutangaze, si watalii watakimbia? Maofisa wa Taveta hawakuuleta ugonjwa. Waliufumania njiani. Mgonjwa yule alikuwa amepita sehemu nyingine kabla ya kufika kwao, na huko hakuna aliyemwona.

Hapo ndipo penye kosa letu kubwa la kusoma orodha hizi. Tunadhani jina la mahali likitajwa maana yake ugonjwa umeanzia pale au umezidi pale. Mara nyingi maana yake ni kwamba pale kuna mtu aliyepima. Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana waliutambua mapema mno ule uvirusi mpya wa korona ulioitwa Omicron, wakauambia ulimwengu. Walipewa zawadi gani? Ndani ya siku chache ndege zao zilikuwa zimefungiwa na Uingereza, Ulaya na Marekani, pamoja na za majirani ambao hawakuwa na mgonjwa hata mmoja aliyethibitishwa. Baadaye ikaonekana Uholanzi ilikuwa na sampuli zenye Omicron zilizochukuliwa kabla ya tangazo lile. Kanuni za 2005 zinasema nchi inayoweka kizuizi kikubwa lazima itoe sababu za kisayansi kwa WHO. Zinasema, lakini hazina polisi.

Niseme na habari ya orodha inayomhusu yule mwenye tiketi ya Umra. Orodha ya homa ya manjano ni kitu tofauti na dharura. Ni orodha ya nchi ambazo virusi vinaweza kuwepo muda wote, katika nyani wa msituni na mbu, hata kama hakuna mlipuko. Kenya imo. Tulipata mlipuko bonde la Kerio mwaka 1992, na mwingine Isiolo mwaka 2022. Ushauri unaotolewa kwa wasafiri umekuwa kwa miaka mingi ukitenganisha ndani ya nchi, na Mombasa na kaunti kadhaa za Pwani zimekuwa zikihesabiwa kuwa na hatari ndogo. Lakini afisa wa uhamiaji ugenini hasomi kaunti, anasoma pasipoti. Ndiyo maana mtu wa Kizingitini ambaye hajawahi kuuona msitu wa Kakamega ataulizwa kadi ya manjano.

Kuhusu kadi hiyo, kuna jambo linalowagharimu watu pesa bure. Tangu 11 Julai 2016 chanjo moja ya homa ya manjano inahesabiwa kuwa ya maisha. Hakuna tena mambo ya miaka 10. Mimi mwenyewe niliwahi kuambiwa na kliniki moja ya binafsi kwamba kadi yangu imekwisha muda na nilipe upya. Kama unayo ya zamani, itunze. Kama huna, ichanjwe mapema, kwa sababu kadi huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo kwa mahujaji ni jambo jingine, hiyo ina muda wake. Ilianza kudaiwa baada ya mlipuko wa Hija ya 1987, na ikapanuliwa baada ya ule wa mwaka 2000, ambapo mahujaji waliorudi makwao walileta aina nyingine ya vimelea iliyoambukiza jamaa zao katika nchi kadhaa.

Wapo wanaosema kufuatilia maeneo ya maradhi ni kukosa tawakkul. Hao ninawakumbusha habari ya Sayyidna Umar bin al-Khattab, Mwenyezi Mungu amridhie, alipokuwa njiani kwenda Sham. Alipofika Sargh, majemadari wake walikuja kumpokea wakamweleza kwamba tauni imeingia huko. Akashauriana na Muhajirina, na Ansari, na wazee wa Kikureshi, mpaka Abdurrahman bin Auf akaleta hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba msiingie nchi yenye tauni, na ikiwa mmo ndani yake msitoke kwa kuikimbia. Masheikh wetu huisimulia sana hadithi hiyo, na wanafanya vizuri. Mimi humwangalia zaidi aliyeleta habari. Jemadari mkubwa, Abu Ubaida mwenyewe, alimwambia khalifa wazi kwamba eneo analolisimamia lina tauni. Hakulipaka rangi. Na Umar hakumwadhibu.

Sheria imeendelea kurekebishwa. Mwaka 2024 nchi zilikubaliana kuziongezea Kanuni daraja jipya juu ya dharura, liitwalo dharura ya janga la dunia, na mabadiliko hayo yalianza kutumika Septemba 2025. Upande wa fedha, hali si nzuri. Januari 2025 Marekani, iliyokuwa mchangiaji mkubwa, ilitangaza kujiondoa WHO, na mwaka huo huo misaada yake mingi ya afya iliyolipa mishahara na maabara katika nchi zetu ilikatwa. Hivyo ile mikono niliyoihesabu, kutoka nyumba yenye homa hadi wizarani, italipwa na sisi wenyewe au haitalipwa.

Kwa hiyo ninawaomba jambo dogo. Kaunti zetu huita wananchi kutoa maoni kabla bajeti haijapitishwa mwezi wa Juni. Sisi hujaa pale kuuliza barabara, basari na taa za mitaani. Mara hii mmoja wenu asimame aulize kifungu cha ufuatiliaji wa maradhi: afisa wa kaunti ndogo ana usafiri, sampuli ikitoka Faza au Kiunga inachukua siku ngapi kufika maabara, na wahamasishaji wa afya ya jamii wamelipwa mpaka mwezi gani? Jibu mtakalopewa, niandikieni.